Kosa la Mkono, Kosa la Risasi

Tarehe 10 Agosti 2016, mjini Rio de Janeiro, Jin Jong-oh wa Korea Kusini alipiga risasi ya tisa katika fainali ya bastola ya mita 50, akapata 6.6. Alikuwa bingwa wa Beijing 2008 na London 2012. Duara la kumi lina kipenyo cha sentimita 5 tu. Risasi ile ilipiga zaidi ya sentimita 10 kutoka katikati.

Nimeitazama fainali hiyo mara kadhaa, na kila mara najiuliza swali moja: tunajuaje kwamba mkono ndio uliokosea?

Swali hilo lina umri mrefu. Mwaka 1845 Mfaransa Louis-Nicolas Flobert alitengeneza kirisasi cha kuchezea shabaha ndani ya nyumba. Mwaka 1857 Smith & Wesson wakaipeleka mbele fikra hiyo katika bastola yao ya kwanza, na mwaka 1887 kampuni ya Stevens ya Marekani ikatoa risasi ya .22 ndefu ambayo wanamichezo wanaitumia hadi leo. Zote zina siri moja. Hazina fataki katikati ya kitako. Kemikali ya kuwashia hutiwa ndani ya ganda ikiwa mbichi, kisha ganda huzungushwa kwa kasi mpaka kemikali ijipenyeze ukingoni. Pini ya bastola huuponda ukingo huo, moto ukawaka.

Ni njia rahisi, na ndiyo maana risasi hizi ni nafuu. Lakini kemikali ikikaa kwa wingi upande mmja na kidogo upande mwingine, moto hauwaki sawasawa. Mwenye risasi ya fataki ya katikati anaweza kuokota maganda, kupima baruti kwenye mizani na kujijazia mwenyewe. Mwenye .22 hawezi, maana ukingo ukishapondwa ganda limekufa. Hana la kurekebisha. Kazi yake ni kutafuta.

Basi hutafuta. Bastola, au mtutu wake peke yake, hufungwa kwenye jiliwa ili mkono wa binadamu utoke kwenye hesabu. Hupigwa risasi za toleo moja la kiwandani, kisha la pili, kisha la tatu. Kiwanda cha Eley, karibu na Birmingham, kina uwanja maalumu wa kazi hiyo. Ajabu ni kwamba matoleo mawili yenye jina moja na bei moja, tofauti yao ikiwa namba tu kwenye boksi, yanaweza kutawanyika kwa namna mbili tofauti katika mtutu uleule. Toleo linalopendwa na mtutu wako mtutu wa jirani unaweza kulikataa.

Hapa ndipo wengi hujidanganya. Mtu hupiga risasi tano, matundu yanakaribiana, anashangilia na kununua katoni nzima. Risasi tano ni chache mno. Bahati peke yake inaweza kuyakusanya matundu hayo. Apige nyingine ishirini, atashangaa jinsi kundi lake zuri linavyopanuka. (Sisi tunaoandika tasnifu kwa mahojiano matano tusicheke sana.)

Turudi Rio, tupige hesabu. Tuseme risasi inakwenda mita 300 kwa sekunde. Ikipungua kasi kwa mita 10, kwenye mita 50 itatua karibu sentimita 1 chini zaidi. Kwenye shabaha ile, hiyo ni pointi 0.4 hivi. Kupata 6.6 kunahitaji upotofu mkubwa mara kumi na zaidi. Kwa risasi nzima ya mashindano, huo ni mkono. Jin mwenyewe alikiri baadaye kwamba lilikuwa kosa.

Kwa nini basi wahangaike wiki nzima na jiliwa kwa ajili ya sentimita moja? Kwa sababu Jin alipanda kutoka nafasi ya saba akashinda kwa 193.7, na Hoang Xuan Vinh wa Vietnam akabaki na 191.3. Tofauti ni pointi 2.4 katika risasi ishirini, yaani wastani wa 0.12 kwa kila risasi. Umbali huo ni milimita 3.

Ilikuwa dhahabu yake ya tatu mfululizo katika mchezo huo. Tokyo ilipofika, bastola ya mita 50 ilikuwa imeondolewa kwenye Olimpiki.