Video iliyolala ubavu na namna ya kuisimamisha bila kuiharibu

Anayepiga picha katika mashamba ya majanichai ya Kericho na Bomet hujikuta akiisimamisha kamera wima. Mchunaji amezama hadi kiunoni katikati ya michai, kapu liko mgongoni, na nyuma yake mikaratusi imepaa. Mandhari yote yanaelekea juu. Picha za kawaida hutokea sawasawa. Video iliyopigwa wakati huo huo kwa kamera hiyo hiyo, ikifunguliwa kwenye kompyuta, hulala ubavu, mchunaji akaonekana ametandazwa kama gogo.

Tatizo hili lilienea katika miaka ya 2000, kamera ndogo za dijitali zilipochukua nafasi ya zile za filamu katika harusi, matanga na sherehe za koito za Wakipsigis. Vipande vya wakati huo vingali kwenye kadi za kumbukumbu, sidii na kompyuta kuukuu, na baadhi ya wanaosikika humo wamekwisha kuaga dunia.

Si jambo dogo katika eneo hili. Mwaka 1934 watu wa ukoo wa Talai walihamishwa kwa nguvu na serikali ya kikoloni na kupelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Malalamiko ya waliofurushwa kutoka ardhi iliyogeuzwa mashamba ya chai yaliwasilishwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya mwaka 2022. Historia ya namna hiyo hubebwa kwa kiasi kikubwa na masimulizi ya wazee. Babu aliyerekodiwa na mjukuu wake kwa kamera iliyosimama wima huenda hayupo tena kuhojiwa mara ya pili. Kulala kwake kwenye skrini hakujaiharibu rekodi, lakini anayeiinua kwa pupa anaweza kuiharibu.

Chanzo chake ni rahisi. Kifaa kinachopokea mwanga ndani ya kamera kimewekwa kwa mlalo. Video nyingi za kamera ndogo za miaka hiyo zilikuwa na pikseli 640 kwa upana na 480 kwa kimo, na kuigeuza kamera mkononi hakukubadilisha mpangilio huo. Picha ya kawaida huokolewa na alama ndogo iliyofichwa ndani ya faili, inayoieleza kompyuta upande upi ni wa juu. Faili za video za AVI, zilizotumiwa na kamera nyingi, hazikuwa na mahali rasmi pa kuandika alama hiyo. Faili za MOV na MP4 zinapo, na ndiyo maana video za simu za leo kwa kawaida husimama zenyewe, isipokuwa pale simu ilipoelekezwa chini kabisa wakati wa kuanza kurekodi, isijue juu ni wapi.

Tofauti hiyo ya faili ndiyo inayoamua tiba. Kwa MOV au MP4 yatosha kubadilisha alama tu, kazi ya muda mfupi ambayo haigusi picha hata kidogo. Programu ya bure ya ExifTool huifanya, na kwa kawaida huiweka kando nakala ya faili ya awali. Ila huendeshwa kwa amri za kuandikwa, jambo linalowatisha wengi waliozoea kipanya. Kwa AVI hakuna njia hiyo ya mkato. Hapo picha hulazimika kuchorwa upya, fremu baada ya fremu. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa Windows Movie Maker, ambayo Microsoft iliacha kuitoa mwaka 2017, au kwa VirtualDub. Leo ipo Shotcut, isiyolipiwa, na Clipchamp kwenye Windows 11.

Asiyetaka ila kutazama hana haja ya yote hayo. Programu ya VLC huweza kuigeuza video wakati wa kuionyesha, kupitia sehemu yake ya madoido ya video, na faili ikabaki kama ilivyokuwa. Ni bora kuliko kuilaza kompyuta ubavu juu ya meza!

Anayeamua kuichora upya aanze kwa kutazama kichwa cha mtu kwenye skrini. Kikiwa kushoto, video izungushwe nyuzi 90 kufuata mwendo wa saa. Kikiwa kulia, kinyume chake. Kisha vipimo vya video mpya viwe 480 kwa upana na 640 kwa kimo. Programu ikiachiwa vipimo vya zamani huweka pazia jeusi pande zote mbili, au hulivuta umbo mpaka mtu mwembamba akawa mnene kupindukia. Makosa haya ya vipimo yamechafua video nyingi za harusi.

Faili ya awali isifutwe. Kila mara video inapochorwa upya hupoteza sehemu ya ubora wake, na faili mpya hubeba tarehe ya siku ilipotengenezwa badala ya siku mzee aliposema maneno yake. Mbele ya mahakama za Kenya suala hilo lina uzito wake, kwani kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi hudai cheti kinachoeleza jinsi rekodi ya kielektroniki ilivyotolewa. Aliyebaki na nakala iliyogeuzwa pekee atakuwa na mengi ya kueleza.

Yako pia yale mapande ambayo mpigaji alianza kwa mlalo, akaisimamisha kamera katikati ya maneno. Hayo hayana budi kukatwa mahali kamera ilipogeuka, kisha sehemu iliyolala ikazungushwa peke yake na kuunganishwa tena na nyingine. Sauti isikatwe mahali hapo. Iachwe ipite moja kwa moja chini ya picha, ili sentensi ya msemaji isivunjike.