Mabadiliko ya Upangaji wa Matokeo ya Google na Hatima ya Tovuti Ndogo za Uhakiki wa Bidhaa, 1996–2024

Makala hii inachunguza uhusiano kati ya mabadiliko ya upangaji wa matokeo katika injini ya utafutaji ya Google na kudhoofika kwa tovuti ndogo zinazohakiki bidhaa. Swali linaloongoza uchunguzi ni hili: kwa nini baadhi ya tovuti zilizozijaribu bidhaa kwa mikono yao zilipoteza wasomaji katika kipindi kilekile ambacho Google ilitangaza kuwa inawatuza wahakiki wa kweli? Hoja inayotetewa ni kwamba jibu halimo katika sasisho moja, bali katika utegemezi uliojengeka kwa takriban miongo mitatu.

Utegemezi huo una mizizi miwili. Mwaka 1996 Amazon ilianzisha mpango wa kuwalipa wenye tovuti kamisheni kwa mauzo yaliyopitia viungo vyao. Miaka miwili baadaye kampuni ya Google iliasisiwa juu ya wazo kwamba kiungo kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine ni mithili ya kura. Kwa pamoja, mambo hayo yalimwezesha mtu mwenye ujuzi wa kamera au majiko kuandika, kusomwa na kulipwa bila kuwa na mtaji wa gazeti. Hata hivyo, yalimfungulia mlango pia asiye na ujuzi, kwani kamisheni ililipwa kwa mauzo na si kwa ubora wa uhakiki.

Awamu ya pili ilianza Februari 2011, pale Google ilipotoa sasisho lililojulikana kama Panda ili kushusha kurasa hafifu. Kampuni yenyewe ilieleza kuwa liligusa asilimia 11.8 ya utafutaji. Mwaka huohuo Brian Lam alianzisha Wirecutter, tovuti iliyojengwa juu ya majaribio ya kina. Oktoba 2016 The New York Times iliinunua kwa takriban dola milioni 30. Ununuzi huo ulidhihirisha kwamba uhakiki wa bidhaa ulikuwa umekuwa chanzo cha mapato kinachotamaniwa na vyombo vikubwa vya habari. Kwa upande wa pili, Aprili 2020 Amazon ilipunguza kamisheni ya samani na bidhaa za nyumbani kutoka asilimia 8 hadi 3. Gharama za kujaribu bidhaa hazikupungua kwa kiwango hicho. Aliyeumia zaidi ni yule aliyekuwa akizilipa.

Awamu ya tatu ilianza Aprili 2021 kwa sasisho mahususi la uhakiki wa bidhaa. Baadaye mwaka huo Google iliwashauri wahakiki waoneshe ushahidi, zikiwemo picha, kwamba wameitumia bidhaa wanayoizungumzia. Sasisho la Septemba 2023 na lile la Machi 2024 yalifuata. HouseFresh, tovuti ndogo inayojaribu visafisha hewa, ililalamika hadharani Februari 2024 kwamba majina makubwa ya habari yaliwekwa juu yake hata pale yasipoonesha majaribio. Miezi michache baadaye wamiliki wake walisema wamepoteza asilimia 91 ya wasomaji waliotoka Google.

Ushahidi wa aina hii unahitaji tahadhari. Kanuni za upangaji ni siri ya kampuni, hivyo mtafiti hubaki na matangazo ya mwenye mamlaka na malalamiko ya aliyeathirika, na kila upande una maslahi yake. Ndiyo maana utafiti wa wanazuoni wa Leipzig na Weimar uliotolewa Januari 2024 una uzito wa pekee. Kwa mwaka mmoja walifuatilia maswali 7,392 ya uhakiki wa bidhaa, wakabaini kuwa kurasa za juu, kwa wastani, zilielekea kuwa na viungo vingi zaidi vya kamisheni na dalili za ubora wa chini wa maandishi. Utafiti huo hauthibitishi kwamba Google ilikusudia kuwadhuru wadogo. Unaonesha kwamba masasisho hayakuweza kudumu kumtenganisha mjaribu na mwigaji.

Wahenga walinena kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hiyo inaeleza hali ya tovuti hizi kwa nusu tu, kwa sababu inadokeza kuwepo kwa njia nyingine. Agosti 2024 mahakama ya shirikisho ya Marekani iliamua kwamba Google ililinda ukiritimba wake katika utafutaji kinyume cha sheria, ikitaja sehemu ya soko ya takriban asilimia 90. Katika soko la namna hiyo, utegemezi haukuwa uzembe wa mhakiki mdogo, bali sharti la kuonekana.

Kwa hiyo, kilicho hatarini si riziki ya wenye tovuti pekee. Anayejaribu bidhaa hulipa gharama kabla ya kuandika, anayemnakili hailipi. Upangaji unaposhindwa kuwatofautisha, wa kwanza hufunga kazi, na wa pili hukosa cha kunakili isipokuwa maneno ya mtengenezaji. Mnunuzi hubaki na orodha ndefu ya kurasa zinazofanana, asijue ni nani kati ya waandishi wake aliyewahi kukiwasha kifaa anachokisifu.