Stempu Tulizozibandua

Sisi tuliosoma chuo cha theolojia mwishoni mwa miaka ya tisini tunalikumbuka beseni la bluu la bwenini. Kila Jumamosi tulilijaza maji ya vuguvugu, tukatumbukiza pembe za bahasha na kungoja gundi ilegee. Stempu tulizianika juu ya gazeti. Bahasha, na wakati mwingine barua zilizokuwamo, tuliwashia jiko. Fahari ya albamu yetu ilikuwa stempu tatu nyekundu za Malkia Victoria, zawadi ya mgeni kutoka Uingereza. Hazina meno pembeni, kwa kuwa zamani zile zilikatwa kwa mkasi. Jina la nchi pia halimo. Sura ya malkia ilitosha.

Tulipoanza kusoma habari zake ndipo tulipoona tulikuwa tumeshika nini. Kabla ya mwaka 1840, barua nyingi huko Uingereza zililipiwa na mpokeaji, si mtumaji. Bei ilipangwa kwa umbali na idadi ya karatasi, na bahasha nayo ilihesabiwa karatasi. Kwa hiyo watu waliikunja barua yenyewe na kuifunga kwa lakiri. Wengine walijaza ukurasa, wakaugeuza ubavu, wakaandika tena juu ya mistari ya kwanza; kuzisoma kunaumiza macho. Karatasi moja kutoka London hadi Edinburgh ilizidi shilingi moja, na kibarua wa shamba alipata kama shilingi nane au kumi kwa wiki. Wabunge na mabwana wakubwa walitia sahihi tu juu ya barua, ikaenda bure.

Kuna kisa cha mshairi Coleridge. Alimwona mwanamke maskini akipokea barua kutoka kwa tarishi, akaitazama, akaisukuma nyuma kwa sababu hana shilingi. Coleridge akamlipia. Tarishi alipoondoka, mama yule akamfungulia ile karatasi: haikuwa na neno hata moja. Yeye na ndugu yake walikuwa wamekubaliana kwamba karatasi tupu ikifika, maana yake ndugu ni mzima. Aliyekuwa na la kusema zaidi ya hilo, na hana fedha, alinyamaza.

Mwaka 1837 Rowland Hill alichapisha kijitabu cha kutaka posta ibadilishwe. Alipiga hesabu akaona kwamba kuipeleka barua London hadi Edinburgh kuligharimu posta sehemu moja tu ya thelathini na sita ya peni. Basi akapendekeza bei moja kwa nchi nzima, peni moja kwa barua isiyozidi nusu aunsi, na mtumaji alipe kwanza. Stempu ya kwanza, Penny Black, ilianza kutumika tarehe 6 Mei 1840. Muhuri wake mwekundu ulifutika kwa urahisi, na wajanja wakaitumia stempu mara ya pili. Mwaka uliofuata stempu ikawa nyekundu na muhuri mweusi. Barua zilizopita posta mwaka 1839 zilikuwa kama milioni 76. Mwaka 1840 zilifika kama milioni 169.

Wako wapi waandishi wa zile tatu zetu? Hatujui. Mtu alizibandua kabla yetu, na aliyemwandikia nani, kwa furaha au kwa msiba, vilitupwa pamoja na karatasi.

Na barua iliyo karibu zaidi na imani yetu sisi wa Afrika Mashariki haikuhitaji stempu. Julai 1844, wakati maskini wa Uingereza wameshazoea barua ya peni, Johannes Krapf, Mlutheri wa Württemberg aliyetumwa na chama cha misheni cha Waanglikana, alimzika mkewe Rosine ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na mtoto wao mchanga pia. Posta haikuwapo, barua ilingoja chombo cha baharini. Huku homa ikimsumbua, aliwaandikia wakubwa wake London kwamba sasa wana kaburi pwani hii, na kwamba hilo ni dalili kazi imeanza. Barua za Krapf zimetunzwa huko Birmingham. Mkusanyaji wa stempu angezipita bila kugeuza kichwa.

Miaka kadhaa baada ya chuo, mzee mmoja wa usharika alitujia ofisini. Baba yake alikuwa mwinjilisti, na alisikia kwamba zamani tulipewa bunda la barua za marehemu ili tubandue stempu. Aliuliza kama tunaweza kumrudishia barua. Tulimletea albamu. Alifungua ukurasa, akaweka kidole juu ya stempu moja, akauliza, "Mchungaji, na hii alikuwa anamwandikia nani?"