KABLA HUJAGAWA VYOMBO, IJUE HISTORIA YA KARAI

Leo tuongelee kuhama nyumba.

Huku kwetu, kuanzia Kahama mpaka Geita, watu wanahama sana. Ikisikika rashi mpya, wiki haiishi mtu kashafunga mzigo. Kisichoingia kwenye gari anaachiwa jirani: ndoo, godoro, karai, sufuria. Ni jambo jema, wengi wameanza maisha kwa vyombo vya kupewa. Ila vyombo vya ukanda huu vina historia yake.

Mgodi wa Geita ulioanza miaka ya 1930, enzi za Mwingereza, ulifungwa mwaka 1966. Miaka ya 1980 na 1990 wachimbaji wadogo wakafurika ukanda huu. Wengi hawakuwa na mitambo, walikuwa na vyombo vya nyumbani. Unga wa mawe ukishaoshwa, unachanganywa na zebaki kwenye beseni au karai. Zebaki inashika dhahabu, inakamuliwa kwa kitambaa, kisha kinachobaki kinachomwa kwenye mkaa. Wengine wanachomea uani, hata jikoni. Dhahabu inabaki, zebaki inapaa. Lakini haipotei, mama! Inatua kwenye kuta, nguo, godoro na vyombo, na humo inaendelea kutoa mvuke usio na rangi wala harufu.

Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unakaa chini, pale mtoto anapotambaa. Kwa mjamzito, unavuka kondo la nyuma mpaka kwa mtoto tumboni.

Dunia ilijifunza ubaya wa zebaki huko Minamata, Japani. Ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1956. Pale zebaki ya kiwandani ilipitia kwa samaki, si kwa moshi. Kuna kina mama walioonekana wazima kabisa, lakini wakazaa watoto walioathirika ubongo. Mkataba wa dunia wa mwaka 2013 ukapewa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mkataba unataka uchomaji wa dhahabu kwenye makazi ya watu ukomeshwe.

Kwa hiyo, unapohama, panga mafungu mawili. Vya jikoni na vya watoto ambavyo havijagusa kazi ya dhahabu, gawa kwa moyo mweupe. Vilivyogusa zebaki, au godoro na zulia vilivyokaa chumba cha kuchomea, usimpe mtu. Kusugua kwa sabuni na mchanga hakutoshi. Usivichome moto, wala usiuze chuma chakavu, kwa sababu vitayeyushwa na mvuke utamfikia mwingine. Vifunge kwenye plastiki, viweke nje mbali na watoto, kisha muulize afisa afya wa kata yako.

Na wewe unayepokea, usione aibu kuuliza: "Dada, hili karai lilifanya kazi gani?" Anayekupenda atakujibu.

Mtumie na jirani anayefunga mizigo. Tukutane sehemu ijayo.