Sukari imeshuka, leteni sukari!

Majuzi saa tisa usiku dada yangu, mjamzito wa wiki kumi na moja, aliamka jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, anaongea vitu visivyoeleweka. Anajichoma insulini tangu darasa la sita. Nikakimbilia soda kwenye friji. Shangazi akanipokonya chupa: "Wewe una akili kweli? Mtu ana sukari unampa soda!"

Tukabishana huku mgonjwa anazidi kulegea. Nilishinda kwa kifua tu, si kwa hoja. Akanywa glasi ndogo, na baada ya kama dakika kumi na tano akaniuliza kwa nini nimevaa kanga ya shangazi.

Kiswahili chetu nacho kina lawama. Ugonjwa tumeuita sukari, basi tunadhani adui ni sukari siku zote. Kumbe usiku ule dada aliangushwa na dawa.

Jambo hili ni la zamani kama insulini yenyewe. Toronto, Kanada, majira ya baridi ya 1921 kuingia 1922, James Collip aliwadunga sungura dawa iliyokamuliwa kutoka kwenye kongosho, wakapata degedege. Akawapa glukosi, wakainuka. Agosti 1922 akaletwa mjini humo Elizabeth Hughes, binti wa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, karibu miaka 15 na uzito wa kilo 20 hivi, maana kabla ya insulini tiba ilikuwa kumnyima mgonjwa chakula. Huyo aliolewa 1930, akazaa watoto watatu, akafariki 1981. Ugonjwa wake aliuficha karibu maisha yake yote.

Lakini wengi walipona wao, watoto wakafa tumboni. Hapo ndipo anaingia Priscilla White, daktari aliyesomea Tufts kwa kuwa Harvard ya udaktari haikupokea wanawake mpaka 1945. Alijiunga na Elliott Joslin huko Boston mwaka 1924. Alipoanza, watoto waliopona walikuwa kama asilimia 54. Alipostaafu 1974 walikuwa zaidi ya 90. Binafsi nashangaa jina lake halitajwi mashuleni.

Tatizo lililobaki lilikuwa kipimo. Miaka mingi wagonjwa walipima mkojo nyumbani, na mkojo unaonyesha sukari iliyozidi hadi kumwagika. Iliyoshuka hauionyeshi kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1970, New York, Lois Jovanovic (mwenyewe alikuwa na kisukari) na Charles Peterson wakawapa wajawazito mashine za kupima damu nyumbani. Tone la kidole, basi.

Daktari wa dada alinieleza kwamba wiki za mwanzo ndizo za hatari zaidi kwa kushuka: insulini inafanya kazi kwa nguvu kuliko kawaida, na kichefuchefu kinazuia kula. Baadaye homoni za kondo la nyuma zinageuza mambo, mahitaji ya insulini yanapanda. Kondo likitoka, yanaporomoka ghafla. Chini ya 3.9 anatakiwa apate gramu 15 za sukari, asubiri dakika 15, apime tena. Akizimia asinyweshwe kitu, atapaliwa: ni sindano ya glukagoni, au mbio hospitali.

Dozi ya usiku imepunguzwa. Shangazi hajaniomba radhi, ila tangu juzi anatembea na pakiti ya glukosi kwenye pindo la kanga.