Mfuo wa Rafu

Mwanafunzi mpenzi, itazame rafu ya kabati. Ukiona ncha zake zimezama katika mbao za ubavuni, jua kwamba zimekalia mfuo, yaani mfereji mwembamba unaokatiza nyuzi za mti. Seremala wa kale alikata kingo mbili za mfuo kwa msumeno wa mkono, kisha akaondoa mti wa katikati kwa patasi.

Mwaka 1777 Samuel Miller wa Southampton, Uingereza, alipewa hati ya kulinda uvumbuzi iliyoutaja msumeno wa duara. Baadaye mafundi walipanga sahani kadhaa zenye meno katika mhimili mmoja: mbili za nje hukata kingo, na za kati hukomba mti. Basi mashine haikuleta kazi mpya, bali iliirithi kazi ya msumeno na patasi.

Nawe rithi uangalifu wa wazee. Pima unene wa rafu, chagua sahani zinazolingana nao, kisha jaribu katika kipande kisichohitajika. Mfuo mpana huiacha rafu ikitikisika. Tena, kwa kuwa kinga ya kawaida ya msumeno huondolewa mara nyingi katika kazi hii, sukuma ubao kwa kigongo, wala si kwa vidole. Ubao ulioharibika hupatiwa mwingine, kidole hakipatiwi.