Kibanja, Wosia na Uzee: Kesi Iliyotoka Muleba

Tarehe 24 Agosti 1988, mwanamke mmoja mzee wa Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, aliuza shamba la ukoo aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Bei ilikuwa shilingi 300,000, na mnunuzi hakuwa mtu wa ukoo. Umri ulikuwa umemwendea, na hakuwa na wa kumtunza. Kesho yake tu, ndugu yake wa ukoo akafungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha akitaka mauzo yabatilishwe, kwa hoja kwamba mila ya Wahaya haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Ndiyo kesi ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory. Wanafunzi wa sheria nchini Tanzania huisoma kama kesi ya haki za wanawake, na ndivyo ilivyo. Lakini ni kesi ya uzee pia, na upande huo hautajwi inavyostahili.

Kwa Wahaya, kibanja ni migomba iliyoizunguka nyumba, mibuni katikati yake, na makaburi ya waliotangulia humo humo. Rutuba yake ni samadi na nyasi zilizotandazwa na vizazi. Kumuuzia mgeni ni kumkabidhi na makaburi. Binti akiolewa, watoto wake huhesabiwa katika ukoo mwingine, kwa hiyo wazee wakaona kumpa binti ardhi ni kuitoa nje. Mrithi mkuu, musika, alikuwa mwana wa kiume, na pamoja na shamba alitazamiwa kuubeba mzigo wa walioachwa. Palikuwa na mapatano ndani yake: anayekula shamba ndiye anayelisha wazee.

Mila hiyo ilipoandikwa, nusu ya mapatano ilipata nguvu kuliko nusu nyingine. Mwaka 1945 Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyeitumikia serikali ya kikoloni kama mtaalamu wa mila, alichapisha pamoja na mwandishi mwenzake, Hartnoll, kitabu cha sheria za kimila za Wahaya. Baada ya uhuru, mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba zikaunganishwa, na kanuni za urithi zikatoka katika Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963. Mila inayokaa vinywani mwa wazee hupindika kidogo mbele ya shida ya mtu aliyesimama pale. Ikishachapwa, hakimu anasoma kifungu.

Vifungu vyenyewe vilikuwa vikali. Warithi waligawanywa katika madaraja matatu, na mabinti wakawekwa la tatu. Kanuni ya 20 iliwaruhusu wanawake kurithi, ila ardhi ya ukoo waitumie tu, wasiiuze. Kanuni ya 27 ilisema mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Ni maneno ya upole, na kwa mama mwenye watoto wema yanatosha. Je, aliyetupwa na watoto wake? Je, asiye na mtoto?

Tangazo hilo hilo liliweka utaratibu wa wosia. Wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wanne: wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wa maandishi unahitaji wawili, mmoja wa kila upande, ikiwa mwenye wosia anajua kusoma na kuandika. Kama hajui, wanne. Ni utaratibu wa busara, kwa kuwa unazuia ndugu kujifungia na mgonjwa chumbani. Lakini wosia ungeweza kumfikishia binti shamba mkononi, na kanuni ya 20 ikaja kumfunga mkono huo huo.

Mahakama ya Kashasha ilikubaliana na ndugu wa ukoo na kuamuru fedha zirudishwe. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikaugeuza uamuzi, ikiegemea Katiba. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, lakini zilianza kudaiwa mahakamani Machi 1988 tu, miezi mitano kabla ya mauzo yale. Rufaa ikapanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza, kwa Jaji James Mwalusanya, ambaye mwaka 1994, akiwa Dodoma, angekuja kutamka kwamba adhabu ya kifo inakiuka Katiba.

Hukumu yake ya tarehe 22 Februari 1990 ilikuwa na ujasiri na pia hekima ya kijijini. Mwanamume wa Kihaya alikuwa akiweza kumuuzia mgeni ardhi ya ukoo, na ukoo ukiitaka, huikomboa kwa kurudisha bei. Jaji akasema mwanamke naye apewe hivyo hivyo. Mauzo yakawa halali. Ndugu akapewa miezi sita alipe shilingi 300,000, la sivyo shamba libaki kwa mnunuzi. Ukoo haukunyang'anywa ardhi yake. Uliambiwa uilipie, na bibi mzee akabaki na fedha zake.

Sheria za ardhi za mwaka 1999 zikaufuata mwelekeo huo kwa kumpa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Mirathi ndiyo iliyobaki nyuma. Wajane wawili kutoka Shinyanga walizipinga kanuni za 1963. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba zinabagua, lakini haikuzifuta. Rufaa yao ikatupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya kiufundi. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikawapa haki na kuitaka Tanzania irekebishe sheria zake.

Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mwenye umri wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi. Bara, kwa mzee asiyewahi kuajiriwa, shamba na watoto ndiyo pensheni. Watakaoandika upya sheria ya mirathi waanzie hapo: anayepewa shamba la mzee abebeshwe kisheria wajibu wa kumtunza, na mzee asiyetunzwa asizuiwe kuuza kilicho chake.